Panya wa Bi Shakila

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA PANYA WANAOVUKA MPAKA WA VIWANJA PASIPO RIDHAA YA MWENYE KIWANJA

Ndivyo Mzee Eustace alivyokiandika kichwa cha barua yake, kwa herufi kubwa, akakipigia mstari kwa rula. Mtu aliyekaa masijala ya serikali hadi akastaafu hawezi kulalamika kwa mdomo. Barua aliipeleka mwenyewe ofisi ya mtaa, huko huko Bigwa, akamkabidhi mtendaji, kijana aitwaye Erick, ambaye aliisoma amesimama, kisha akaketi akaisoma tena.

"Shikamoo mzee," alisema mwishowe.

"Marahaba. Nilidhani salamu nayo inasubiri muhuri."

"Samahani sana mzee wangu. Sasa, hawa panya. Wako shambani au wako ndani ya nyumba?"

"Wako kwenye ua."

Erick akashusha pumzi. "Hapo ndipo penye ugumu. Wangekuwa shambani, ni wa Kilimo. Wangekuwa ndani, ni wa Afya, naandika leo leo. Lakini wa kwenye ua..." Akatazama dari akitafuta msaada. "Wa kwenye ua hawana idara."

"Kwa hiyo niwafungulie mlango waingie, ili wapate idara?"

"Mimi sijasema hivyo, mzee."

"Hujasema. Nakuuliza."

"Na huyu mlalamikiwa, Bi Shakila, si tulimzika?"

"Tulimzika. Panya wake hatukuwazika."

Erick akacheka, akapiga muhuri wa kupokelewa, akasema ofisi itafika kujionea. Eustace akarudi kwake kwa miguu, taratibu, mlima wa Uluguru ukiwa umevaa ukungu mpaka kiunoni. Njiani alijisemea kwamba Morogoro ni mji wa ajabu: hapa wapo panya waliosomeshwa, wananusa mabomu na kulipwa ndizi, na bado mtu mzima anakosa ofisi ya kumwondolea panya wasiojua hata kunusa karoti.

Kwa maana hilo ndilo ambalo hakuliandika. Panya wale hawakuwa wakila kitu.

Walitoka kwenye bustani ya marehemu kila jua likizama, wakapenya chini ya michongoma, wakapita katikati ya matuta ya karoti na nyanya kama watu wanaoheshimu njia ya wenyewe. Hawakugusa jani. Walifika kwenye kizingiti cha jiko, wakajipanga, wadogo mbele, nyuma yao panya buku mmoja mkubwa mwenye masikio yaliyochakaa, wote wameelekeza pua mlangoni. Walikaa hivyo mpaka giza likashika. Walipoondoka, kizingiti kilibaki kikinukia ubani.

Hayo hakuyaandika kwa sababu harufu haiwezi kuambatanishwa.

*

Bi Shakila alikuwa Mluguru wa mlimani hasa, aliyeteremka Bigwa kuolewa, akazika mume, akabaki. Eustace alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa Morogoro na uhamisho wa kikazi, akazika mke, akabaki. Kati yao palikuwa na ua wa michongoma, na palikuwa na utani wa makabila yao, ambao tofauti na michongoma haukuhitaji kupunguzwa. Kila jioni Eustace alipokuwa akimwagilia bustani, sauti ya Bi Shakila ilivuka ua:

"We mpagazi! Umekula, au umebeba njaa tu kama babu zako?"

"Nimekula, we mla nyani. Nikubakishie mkia?"

Basi. Wakati mwingine hayo ndiyo maneno pekee aliyoyasikia siku nzima kutoka kinywa cha mtu, na yalimtosha. Binti yake Yuliana alikuwa Mwanza, na kazi, na watoto, na ahadi. Atakuja Krismasi. Krismasi ilipita, atakuja Pasaka.

Kila Alhamisi magharibi Bi Shakila alitoka na sinia lililofunikwa kawa, na chetezo cha udongo kinachofuka ubani, akaviweka kwenye kona ya bustani chini ya mstafeli. Eustace ni Mkatoliki; mambo hayo aliyatazama kama anavyotazama fomu za idara nyingine. Siku moja tu aliuliza.

"Unamwandalia nani?"

"Wageni wangu."

"Wageni gani hao hawaingii ndani?"

"Wenye adabu," alisema Bi Shakila.

Alipofariki, Eustace alikaa msibani mpaka siku ya kuanua tanga, na siku hiyo alifanya lile ambalo mtani hana budi kulifanya. Mtani hunyakua kitu cha marehemu, hukaa nacho, hutukana, huwachekesha wafiwa, na hakitoi mpaka akombolewe, hata kwa kuku, hata kwa kiberiti. Eustace akainuka na rungu la kujifanya, akaingia jikoni, akatoka amekumbatia kile chetezo. Akapanda kwenye kigoda.

"Huyu bibi kanitukana mpagazi mpaka anaingia kaburini!" alipaza sauti. "Haya! Mpagazi nimekuja kubeba! Mizigo yake yote yangu, na wageni wake wote nawarithi mimi, mpaka mnikomboe!"

Watu wakacheka, wengine machozi yakiwatoka. Wote wakamgeukia Twalibu, mwana pekee wa marehemu. Lakini Twalibu alilelewa Dar kwa mjomba wake, utani aliujua kwa kuusikia redioni, na gari lililokuwa likimsubiri lilishapiga honi.

"Chukua tu mzee wangu," alisema kwa heshima zote. "Sisi hatuna kazi nacho."

Kicheko kikakatika. Bibi mmoja kutoka mlimani akamshika Twalibu mkono. "Mkomboe, mwanangu. Hata kwa punje ya chumvi."

"Bibi, mzee kakipenda. Mwacheni nacho."

Gari likaondoka. Eustace akashuka kwenye kigoda akiwa na chetezo mkononi. Akaenda nacho nyumbani. Aliwaambia watu anakitunza tu, ila ukweli ni kwamba hakuwa na kitu kingine cha yule bibi.

Panya walianza jioni ya Alhamisi iliyofuata.

*

Baada ya barua kupokelewa, ofisi haikufika. Eustace akajitegemea. Alinunua mtego, akauweka mdomo wazi kwenye kizingiti na kipande cha nazi. Asubuhi aliukuta umefyatuka, na palipokuwa na nazi pamebanwa ua la asumini, bichi, lenye umande, ingawa mtaa mzima hauna asumini. Alinunua sumu, akaichanganya na dagaa. Asubuhi sumu yote ilikuwa imerudishwa mlangoni, kila tonge juu ya jani lake la mstafeli, kama chakula ambacho mgeni amekikataa bila kutaka kumuudhi mwenyeji.

Ndani, chetezo alikuwa amekiweka kwenye kabati karibu na picha ya mkewe. Alipokigusa kilikuwa cha moto.

Jioni hiyo alikuwa akimwagilia nyanya, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa ya mabati, mfereji unanong'ona peke yake, na panya tayari wamekaa kwenye zamu yao, aliposikia kutoka ng'ambo ya michongoma, mahali ambapo kwa miezi palikuwa na kufuli na majani marefu tu:

"We mpagazi! Umekula?"

Kopo likamtoka mkononi. Maji yakamwagika kwenye viatu. Akajua anachopaswa kufanya: kupiga ishara ya msalaba, kuingia ndani, kufunga. Mtoto mdogo anajua kwamba sauti ya marehemu haiitikiwi. Lakini hakuna aliyemuuliza kama amekula tangu siku ile ya tanga, na kabla hajafikiri mdomo ulikuwa umeshajibu.

"Nimekula, we mla nyani."

Kikaja kicheko, kile kile cha puani. "Na mzigo wangu uko salama?"

"Uko salama," alinong'ona Eustace.

Panya wote, kwa pamoja, wakageuza pua kutoka mlangoni wakamtazama yeye.

Ikawa hivyo kila jioni. Alijiambia kila asubuhi kwamba leo hataitikia, na kila jioni alitoka na kopo mapema kidogo kuliko jana. Sauti iliuliza mafua yake, ikamcheka suruali, ikamwambia karoti zake nyembamba kama vidole vya karani. Wakati huohuo mambo mengine yalikuwa yakipungua, taratibu, bila yeye kuyatilia maanani. Wanajumuiya waliokuwa wakija kusali nyumba kwa nyumba hawakumfikia tena. Muuza maziwa aliacha kupita. Simu ya Yuliana ya Jumapili ikawa fupi, halafu ikaruka Jumapili, halafu Pasaka ikaja, akapika wali na kuku, akakaa kwenye kibaraza amevaa shati la kupigwa pasi mpaka wali ukaganda. Hakutokea mtu.

Alipochoka kusubiri ofisi alikwenda kuwakumbusha.

"Mzee Eustace!" Erick alisimama. "Shikamoo. Umeshapona?"

"Marahaba. Nilikuwa naumwa?"

"Si ulituambia mwenyewe. Tulikuja mimi na bwana afya, mara ya kwanza ukasema unaumwa, tena mara ya pili ukasema malalamiko umeyafuta. Nikasema sawa, nitafunga jalada."

"Mliongea na nani?"

"Na wewe, mzee."

"Mliniona?"

Erick akasita. "Hukufungua. Ulisema nyuma ya mlango. Lakini sauti yako naijua, mzee, hata ule utani wako wa idara uliutia."

Eustace hakukumbuka alivyoaga. Njiani alipita kwa Bi Editha, mwenyekiti wa jumuiya, akamuuliza mbona hawaji, na Bi Editha akamtazama kwa huruma iliyochanganyika na hasira ya mtu aliyedharauliwa. "Tusije? Mzee, tumesimama kwenye lango lako tukiimba, na wewe uko dirishani gizani unatuambia siku nyingine, siku nyingine. Muuza maziwa umemwambia umehama. Tukasema basi, kila mtu ana msalaba wake."

Alitembea kurudi kwake huku jua likimkimbia, na kadiri alivyokaribia ndivyo harufu ya ubani ilivyozidi, kwanza nyepesi kama ya mtu aliyepita muda mrefu, kisha nzito, kisha ya kukaba, ikachanganyika na udi na asumini na kitu kingine chini yake, kitu kama udongo wa shimo lililofunguliwa, na alipofika langoni akaona kwamba panya hawakuwa kizingitini tu bali kwenye ngazi, kwenye madirisha, juu ya bati, wamejaa kimya, mkia kwa mkia, na yule buku mwenye masikio yaliyochakaa ameketi kwenye kiti chake yeye cha kibarazani, na kutoka ndani ya nyumba, ndani, si ng'ambo ya ua tena, akasikia sauti yake mwenyewe, sauti ya Eustace, ikikohoa kile kikohozi chake cha mafua na kuuliza kwa upole:

"Nani hapo? Mwenyewe hayupo."

Akashika nguzo ya lango. "Mwenyewe ni mimi," alisema.

Kikohozi kikakatika. Kisha, kwa sauti ya Bi Shakila: "Ah, mpagazi. Umechelewa. Watu walikuja, nimewarudisha."

"Kwa nini?"

"Si umenirithi mbele za watu? Nyumba yenye mgeni haipokei mgeni mwingine."

Na hapo, katikati ya hofu ile, wazo moja likampiga Eustace kwa nguvu mpaka akakaribia kufurahi. Kumbe. Kumbe Yuliana alikuja. Alikuja Pasaka na watoto, wakasimama hapa langoni, na sauti ya baba yake ikawaambia hayupo. Mwanangu hakunisahau, amefukuzwa. Akishatoka huyu, mwanangu atarudi.

Usiku huo alilala kwenye benchi la zahanati, akajifanya anasubiri daktari.

*

Mzee Stambuli wa Mwembesongo ni fundi cherehani, na majini huyashughulikia baada ya kufunga duka. Alimsikiliza Eustace mpaka mwisho huku akitarizi kola, kisha akakata uzi kwa meno.

"Mimi hapa sina wa kumfukuza," alisema.

"Umeshindwa?"

"Sijashindwa. Nifukuze nani? Jini aliyeingia kwa wizi namtoa kwa kisomo. Huyu kaingia kihalali. Kakabidhiwa kwako, wewe umepokea kwa kinywa chako, mashahidi wapo, wamekula na pilau. Hata serikali haimwondoi mpangaji wa namna hiyo."

"Ulikuwa ni utani, fundi!"

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha, baba. Utani una mlango wa kuingilia na wa kutokea. Mlango wa kutokea ni kukombolewa. Mwenye kukomboa ni yule kijana. Aje yeye mwenyewe, jua likizama, atoe chochote, aseme nakomboa, nawe uridhike, umpe. Kila mtu atabaki na wake."

"Chochote?"

"Hata punje ya chumvi. Lakini uridhike wewe. Mtani asiporidhika, hakuna ukombozi."

Twalibu alikuja kutoka Dar kwa basi la asubuhi, ameogopa kuliko alivyotaka kuonyesha. Katika nyumba ya mama yake iliyofungwa sahani zilisikika zikijipanga zenyewe, majirani walimwambia, na yeye mwenyewe alikuwa akiota ubani. Walikaa kibarazani watatu, Eustace, Twalibu na Stambuli, wakisubiri jua. Panya walishaanza kupenya chini ya michongoma. Chetezo kilikuwa mapajani mwa Eustace, cha moto kama mtoto mwenye homa.

"Nisamehe mzee," alisema Twalibu. "Siku ile sikujua. Nilidhani nakupa zawadi."

"Hukukosea sana," alisema Eustace. Alikuwa mchangamfu, mwenye haraka. "Ngoja nimpigie binti yangu kwanza. Nataka ajue kwamba kuanzia leo njia iko wazi."

Akajitenga mpaka kwenye tuta la nyanya, akapiga. Yuliana alipokea, na nyuma yake kulikuwa na kelele za watoto na televisheni.

"Shikamoo baba. Kuna tatizo?"

"Marahaba mwanangu. Hakuna. Nataka unisamehe. Ile Pasaka ulipokuja, aliyekujibu langoni si mimi."

"Nilipokuja wapi?"

"Hapa. Ulipokuja na watoto, mkaambiwa sipo."

Zikasikika hatua za mtu anayehama chumba. Kelele za watoto zikapungua.

"Baba," alisema Yuliana, "mimi sikuja. Nilitaka kuja. Kazi zilinibana, nikasema nitakupigia, halafu... Sikuja, baba. Labda mwezi wa sita. Unasikia? Nitajitahidi mwezi wa sita. Baba, nani anakohoa hapo?"

"Hakuna mtu," alisema Eustace. "Haya. Wasalimie watoto."

Aliporudi kibarazani jua lilikuwa limebaki ukucha nyuma ya miti. Stambuli akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Panya wakajipanga. Twalibu akafungua karatasi, ndani yake chumvi, akapiga magoti kama alivyofundishwa.

"Baba, mtani wa mama yangu," alisema. "Nakomboa chetezo cha mama, na mizigo yake, na wageni wake. Pokea."

Ng'ambo ya michongoma, polepole, bila kicheko safari hii, Bi Shakila akasema: "We mpagazi. Umekula leo?"

Stambuli aliendelea kusoma. "Usiitikie," alisema kati ya aya na aya. "Pokea chumvi, mpe mwenyewe chombo chake."

Eustace aliitazama ile chumvi. Akatazama barabara ya Bigwa kupitia lango lililo wazi, barabara ambayo hakuna jini lililowahi kumfungia mwanawe, nyeupe, tupu, ikishuka hadi mjini. Kisha akakikumbatia chetezo vizuri zaidi.

"Haitoshi," alisema.

Twalibu akamtazama Stambuli, akamtazama mzee. Akavua saa akaiweka juu ya chumvi.

"Haitoshi."

"Mzee wangu, sema basi unataka nini! Nitaleta mbuzi. Nitaleta ng'ombe!"

"Haitoshi, kijana. Mtani sijaridhika."

Stambuli akaacha kusoma. Akafunga kitabu, akamshika Twalibu bega, akamwinua. Alimtazama Eustace muda mrefu, naye Eustace akawa anatazama viatu vyake.

"Twende, mwanangu," alisema Stambuli. "Huyu anajua anachokifanya."

"Sasa tunamwachaje?"

"Kama tulivyomkuta."

Wakatoka. Lango likafungwa nyuma yao, na hawakuona nani aliyelifunga.

Mwezi wa sita ofisi ya mtaa ilitoa barua yenye kichwa YAH: KUFUNGWA KWA JALADA LA PANYA WA MPAKANI, ikieleza kuwa mlalamikaji alitembelewa, akahojiwa akiwa ndani, akasikika mwenye afya na uchangamfu, na akathibitisha kwamba kwenye ua hakuna tena panya hata mmoja. Kila neno la barua hiyo ni kweli. Kilichotokea ni kwamba Mzee Eustace aliwafungulia panya mlango, wakaingia.